Kinywa Kikavu na Programu ya Simu: Daftari, Si Daktari

Simu ya mkononi imekwisha kuwa chombo cha kutuma fedha, kununua umeme na kuulizia bei ya kamba kabla mvuvi hajafika pwani. Sasa imeingia pia katika afya ya kinywa. Zipo programu zinazomwahidi mtu mwenye ukavu wa kinywa kwamba zitamwonesha chanzo cha tatizo, zitamkumbusha kunywa maji, zitamwekea orodha ya dawa anazotumia na kumfikishia daktari wa meno taarifa hizo. Baadhi ni za bure, baadhi hulipiwa, na nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza.

Makala hii inaeleza kazi ambayo programu ya namna hiyo inaweza kuifanya vizuri, kazi isiyoiweza, na mahali ambapo mtumiaji anaweza kupoteza fedha, siri zake au hata uhai. Mifano yetu tumeichukua kutoka delta ya Rufiji na mji wa Kibiti, kwa kuwa huko umbali kati ya mgonjwa na daktari wa meno huonekana waziwazi. Mkazi wa Kiongoroni au Maparoni husubiri maji yajae ndipo apande boti kuelekea Nyamisati, kisha atafute gari la kumfikisha Kibiti, kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Mtu huyo hana uwezo wa kurudia safari mara tatu kwa sababu tu katika safari ya kwanza alisahau jina la kidonge anachomeza. Kwake, kumbukumbu iliyotunzwa vizuri ina thamani kubwa, na ushauri mbaya una gharama kubwa vilevile.

Kazi ya mate

Mate hutoka katika jozi tatu za tezi kubwa, zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotawanyika kinywani. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Usingizini kiasi hicho hupungua mno, na ndiyo maana wengi huamka wakiwa na kinywa kizito.

Mate hulainisha chakula, husaidia kuonja na kumeza, huosha mabaki yaliyoganda kwenye meno na kupunguza ukali wa tindikali inayotengenezwa na bakteria baada ya mtu kula vitu vitamu. Pia hurudisha kwenye meno madini yaliyomomonyolewa na tindikali hiyo. Yakipungua kwa muda mrefu, meno huoza haraka, hasa karibu na ufizi. Utando mweupe wa fangasi huota kwa urahisi. Midomo hupasuka pembeni. Meno ya bandia hayakai sawasawa. Na kula ugali mkavu huwa kazi ngumu.

Vyanzo vya ukavu ni vingi. Kuna upungufu wa maji mwilini, kisukari kisichodhibitiwa, maambukizi ya VVU, kupumua kwa mdomo, tumbaku na pombe. Kuna mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo, ambayo inaweza kudhuru tezi za mate moja kwa moja. Kuna pia ugonjwa wa Sjögren, ulioitwa kwa jina la daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi. Hata hivyo, chanzo kinachokutwa mara nyingi kuliko vingine ni dawa: baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikiwemo zile zinazoongeza mkojo, amitriptilini, inayotumika kwa sonona na kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, promethazini, na klorofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton na kuinunua kwa mafua bila kuandikiwa na mtu yeyote.

Kuhisi ukavu na kupungukiwa na mate

Jambo hili ndilo la kwanza kueleweka kabla ya kupakua programu yoyote. Kuhisi kinywa kikavu na kuwa na mate machache ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuhisi ukavu ilhali tezi zake zinafanya kazi vizuri; mwingine mate yamempungua kweli, lakini hajahisi lolote mpaka meno yameanza kuoza.

Hisia hupimwa kwa maswali. Orodha inayotumiwa sana na watafiti duniani, Xerostomia Inventory, ilichapishwa mwaka 1999 na ina maswali 11: je, huamka usiku kunywa maji? Je, hupata taabu kumeza vyakula fulani? Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5, na jumla huwa kati ya 11 na 55. Kazi ya namna hii simu huiweza vizuri, na huiweza kila siku bila kuchoka.

Wingi wa mate, kwa upande mwingine, hupimwa kwa kikombe. Mgonjwa hukaa bila kula wala kunywa kwa saa moja au zaidi, kisha huacha mate yadondoke katika chombo kwa dakika 5 hadi 15, na mhudumu hupima ujazo wake. Mtu mwenye afya, akiwa ametulia, hutoa takribani mililita 0.3 kwa dakika, sawa na karibu kijiko kimoja cha chai katika dakika 15. Anayetoa chini ya mililita 0.1 kwa dakika, yaani chini ya theluthi moja ya kijiko hicho katika muda huohuo, huhesabiwa kuwa na upungufu wa kweli. Kipimo hiki hakihitaji mashine, lakini kinahitaji mtu aliyefunzwa kukifanya na kukitafsiri. Hakuna picha ya simu inayoweza kushika nafasi yake.

Kwa hiyo programu inayotangaza kwamba itakupima mate kwa kukutazama ulimi kupitia kamera inaahidi jambo isiloliweza. Programu inayosema itakusaidia kuandika hali yako ili umwoneshe daktari inasema kweli.

Kazi ambayo programu huifanya vizuri

Faida kubwa ya programu ni kumbukumbu. Daktari wa meno, au tabibu wa meno katika kituo kisicho na daktari, humwona mgonjwa kwa dakika chache. Akimwuliza, “Ukavu huu ulianza lini, na huzidi wakati gani?” wengi hujibu, “Muda mrefu, na wakati wote.” Jibu hilo halimfikishi mbali. Kumbukumbu ya siku 14 inayoonesha saa za ukavu, dawa zilizomezwa na saa zake, maji yaliyonywewa na vyakula vilivyoshindikana kumezwa, humpa njia ya kufuata. Ukavu wa alfajiri pekee unaweza kuelekeza kwenye kidonge cha usiku au kupumua kwa mdomo usingizini. Ukavu unaoambatana na kiu kali na kukojoa mara kwa mara unaelekeza kwenye kipimo cha sukari.

Faida ya pili ni vikumbusho: kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, kunywa maji kidogo kidogo, kurudi kliniki tarehe iliyopangwa. Faida ya tatu ni mawasiliano. Kwa idhini ya mgonjwa, tabibu aliye mbali anaweza kumwonesha daktari wa meno picha ya utando mweupe au ya jino lililooza na kumwuliza kama mgonjwa asafiri sasa au asubiri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021 mwongozo wa kutumia simu katika afya ya kinywa, unaohusu elimu kwa umma, mafunzo kwa wahudumu, ufuatiliaji wa magonjwa na mawasiliano ya namna hii.

Faida hizi hazimhusu mwenye simu janja peke yake. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kuwatumia wajawazito nchini ujumbe mfupi wa bure kupitia namba 15001, na ujumbe huo ulisomeka hata kwenye kitochi. Mwenye ukavu wa kinywa na simu ya kawaida anaweza kutumia kengele ya simu kama kikumbusho na daftari la shule kama kumbukumbu. Daktari hatalidharau daftari hilo; anachokihitaji ni habari zilizomo.

Orodha ya dawa: mahali pa hatari

Programu nyingi za ukavu wa kinywa zina sehemu ya kuingiza majina ya dawa. Ukiingiza, programu huweka alama kwenye kila dawa inayojulikana kukausha kinywa. Taarifa hiyo inaweza kuwa sahihi, na bado ikamdhuru mtumiaji.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama wa miaka 60 katika kijiji cha delta anatumia vidonge viwili vya shinikizo la damu alivyoandikiwa hospitali. Kwa wiki tatu zilizopita amekuwa pia akinunua klorofeniramini katika duka la dawa muhimu kwa ajili ya mafua yasiyokwisha. Mjukuu wake anamwingizia dawa zote katika programu, na dawa zote tatu zinapata alama nyekundu. Bibi anafanya uamuzi unaoonekana wa busara: anaacha zote. Baada ya siku chache kinywa kinapata nafuu, na familia inaamini programu imefanya kazi. Wakati huohuo shinikizo lake la damu linapanda kimyakimya, na kwa mtu wa umri wake hiyo ni njia ya kuelekea kiharusi.

Kumbukumbu ileile, ikifika mbele ya daktari, ingesomwa vingine. Vidonge vya shinikizo amevitumia miaka mingi bila ukavu. Ukavu ulianza wiki ileile alipoanza klorofeniramini. Huenda dawa ya kuachwa ni moja tu, na ni ile ambayo hakuandikiwa. Hata pale chanzo kinapokuwa kidonge cha shinikizo chenyewe, aliyemwandikia anaweza kubadilisha kipimo, saa ya kumeza au aina ya dawa, bila kumwacha mgonjwa hata siku moja bila kinga. Daktari wa meno naye haondoi dawa hiyo peke yake. Humwandikia mwenzake aliyeianzisha.

Tunasisitiza, basi: usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya alama iliyotokea kwenye kioo cha simu. Ukiwa mbali na kituo, uliza kwanza. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya, namba 199, hupigwa bure.

Vikumbusho visivyojua mahali ulipo

Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye bomba jikoni humwambia kila mtumiaji anywe lita mbili au tatu kwa siku. Katika sehemu za delta zilizo karibu na bahari, visima huingiwa na chumvi, hasa wakati wa kiangazi, na maji baridi hutafutwa kwa jasho au kwa fedha. Kunywa maji ya chumvi ili kutimiza idadi iliyowekwa na simu huongeza kiu, na kwa mwenye shinikizo la damu chumvi hiyo ni mzigo wa ziada. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo huenda amepangiwa na daktari kiasi maalumu cha maji, na kikumbusho hakilijui jambo hilo. Funda moja la maji safi kila baada ya muda, likizungushwa kinywani kabla ya kumezwa, hulainisha kinywa bila kutumia maji mengi.

Katika mwezi wa Ramadhani vikumbusho vya mchana havina maana kwa aliyefunga. Mwenye kisukari, au mwenye dawa za kumeza mara kadhaa kwa siku, amwone mhudumu wa afya kabla ya mwezi kuanza, ili saa za dawa zipangwe upya kati ya futari na daku. Kazi hiyo isiachiwe programu.

Tahadhari pia ushauri wa “kunyonya kitu ili mate yatoke.” Kutafuna huamsha tezi, ni kweli. Lakini pipi, muwa na ubuyu wenye sukari vikikaa kinywani kutwa nzima, huozesha meno ambayo tayari yamekosa ulinzi wa mate. Na embe bichi au ukwaju humomonyoa ganda la jino kwa tindikali yake. Kinachofaa ni ubani wa kutafuna usio na sukari.

Taarifa zako ni mali yako

Orodha ya dawa husema mengi kuliko mwenyewe anavyodhani. Anayejua majina ya dawa anaweza kuisoma na kufahamu kwamba mwenye simu anaishi na VVU, ana sonona au ametibiwa saratani. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa. Na mahali ambapo umeme ni wa shida, simu huachwa kutwa nzima kwa mwenye sola ili ichajiwe. Weka nywila kwenye simu, na uzuie maandishi ya vikumbusho yasitokee kwenye kioo kilichofungwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Anayezikusanya hana budi kupata idhini yako na kukueleza atazitumia kwa kazi gani. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia sheria hiyo na kupokea malalamiko.

Angalia pia ruhusa ambazo programu inaziomba. Kamera inaeleweka ikiwa kuna picha za kupiga. Lakini programu ya kinywa haina haja ya orodha ya watu unaowasiliana nao, wala ya kusoma ujumbe wako mfupi, ambamo mna kumbukumbu za fedha zako. Wananchi wengi wamekwisha kuonja machungu ya programu za mikopo zilizochukua majina ya jamaa zao na kuwasumbua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Mlango uliotumika kuwaumiza watu hao ulikuwa ruhusa ileile inayobonyezwa haraka bila kusomwa.

Bidhaa zinazouzwa ndani ya programu

Baadhi ya programu ni duka lililovaa koti la daktari. Baada ya maswali machache huleta tangazo la mate bandia, jeli, dawa ya kupuliza au mchanganyiko wa mitishamba. Dawa na vifaa tiba vinavyouzwa kihalali nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA); dawa ya meno ya kawaida ipo chini ya viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bidhaa isiyojulikana na mamlaka hizi usiinunue, hata ikiwa na sifa nyingi. Vidonge vya kuamsha tezi, kama vile pilokapini, ni vya kuandikiwa na daktari, na vinaweza kumdhuru mwenye pumu.

Kabla ya kupakua, jiulize

1. Ni nani aliyeitengeneza, na je, ametaja jina na anuani yake?
2. Je, ninaielewa lugha yake vya kutosha kujibu bila kubahatisha?
3. Je, inafanya kazi bila intaneti, au itamaliza bando langu na kukwama mtandao ukipotea?
4. Ni ya bure kweli, au itaanza kukata fedha baada ya muda wa majaribio?
5. Inaomba ruhusa zipi, na ninaweza kuzikataa?
6. Je, ninaweza kuchapisha au kuonesha kumbukumbu zangu kwa daktari, na kuzifuta nikitaka?
7. Ikiwa ina daktari anayejibu maswali, je, amesajiliwa? Kwa Tanzania Bara, madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Usisubiri siku 14

Zipo dalili ambazo hazingoji kumbukumbu kukamilika. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na kiu isiyokatika pamoja na kukojoa sana au kupungua uzito. Utando mweupe au kinywa kuwaka moto. Uvimbe wenye maumivu na homa chini ya sikio au taya. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili. Au macho makavu yanayoandamana na ukavu wa kinywa kwa miezi mitatu. Ukipata shida ya kupumua, au ukishindwa kumeza hata maji, hiyo ni dharura. Aliyepangiwa mionzi ya kichwa na shingo, kama inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, aonane na daktari wa meno kabla ya tiba kuanza, kwa kuwa kung’oa jino baada ya mionzi kuna hatari ya mfupa wa taya kutopona.

Ukidhulumiwa na programu, usiifute haraka. Hifadhi kwanza picha za kioo cha simu, risiti na tarehe, kisha wasilisha lalamiko lako: kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikiwa ni siri zako, kwa TMDA ikiwa ni dawa, kwa Baraza la Madaktari ikiwa ni mtu aliyejiita daktari, na kwa Tume ya Ushindani ikiwa ni udanganyifu wa kibiashara.

Na ukipanda boti kuelekea Nyamisati, chukua vitu vitatu: kumbukumbu yako, iwe ya simu au ya daftari, vidonge vyote unavyotumia katika pakiti zake, pamoja na vile ulivyonunua mwenyewe, na maswali uliyoyaandika. Simu ikiwa ya kuchaji kwa shida, nakili mambo makuu kwenye karatasi kabla ya safari. Betri ikiisha njiani, safari yako haitakuwa ya bure.